Maswali ya Wasomaji: Fedha za Utafiti wa Chakula Humfikia Nani?

SWALI: Assalaam aleykum, Mhariri. Mimi ni mama karanga hapa Malindi. Hununua samaki dikoni, nikawakaanga na kuwauza jioni. Mara kwa mara huja watafiti, hutuuliza maswali, huchukua vipande vya jodari na mafuta yetu ya kukaangia, kisha hatuwaoni tena. Kipande wanachokichukua hukitia kwenye kisanduku cha barafu papo hapo, ilhali ndoo yangu inashinda juani kwa kuwa barafu ni ghali. Tunasikia kwamba kazi hiyo inagharimiwa na wafadhili wa nje kwa ajili ya usalama wa chakula. Je, sisi tunapata nini?
Mama karanga, Malindi

JIBU: Waaleykum salaam, mama. Malalamiko yako ni ya haki, lakini kabla ya kufikia fedha ningependa kueleza kwa nini utafiti wenyewe unahitajika, maana itakuwa hasara kwenu mkiwafungia mlango watafiti wote kwa sababu ya wale ambao hawakurudi.

Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria huzalisha katika nyama yao kemikali iitwayo histamini, ambayo ikishaingia haiondoki kwa kukaangwa, kwa kuchemshwa wala kwa kutiwa ndimu. Samaki huyo anaweza kuonekana mzima na asitoe harufu yoyote mbaya. Mlaji hupata joto usoni, mwili humwasha, kichwa humuuma na moyo humwenda mbio, mara nyingi kabla ya saa moja kupita, na wengi hudhani kwamba wana mzio wa samaki. Kiwango cha juu kilichowekwa kimataifa ni miligramu 200 kwa kila kilo ya samaki, na hakuna jicho wala pua iwezayo kukipima. Ndiyo maana sampuli ilitiwa barafu palepale: walitaka histamini isiongezeke njiani, ibaki kama ilivyokuwa samaki alipotoka mikononi mwako.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa kula chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufa, 137,000 wakiwa wa Afrika. Hapa Kenya hatujasahau mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yalipoua watu 125 katika maeneo ya Ukambani na jirani zake. Hata hivyo, tathmini iliyotolewa mwaka 2019 na Ushirikiano wa Kimataifa wa Usalama wa Chakula ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya fedha za wafadhili barani Afrika imeelekezwa kwenye mazao yanayouzwa nje. Umoja wa Ulaya ulipowazuia samaki wa Ziwa Victoria kwa vipindi kadhaa kati ya 1997 na 2000, juhudi kubwa zilifanyika kurekebisha viwanda, ukaguzi na maabara hadi soko likafunguliwa tena. Kazi hiyo ilistahili kufanywa, kwa kuwa wavuvi wengi walikuwa wamepoteza riziki. Lakini samaki anayekaangwa Malindi na kuliwa na watoto wa Malindi hana mnunuzi wa Ulaya wa kumtetea, na kwa maoni yangu huyo ndiye aliyepaswa kutangulia katika bajeti.

Basi mkifikiwa tena, ulizeni mapema, tena mbele ya viongozi wa kamati ya diko, maarufu kama BMU. Kila mtafiti anatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaani NACOSTI, na masharti ya kibali hicho yanamtaka awajulishe viongozi wa kaunti kabla ya kuanza na awasilishe ripoti yake kwa Tume baada ya kumaliza. Mwombeni awaonyeshe kibali na awaambie nani anagharimia, matokeo yatasomwa kwenu lini, na kwa Kiswahili. Kikundi chenu kiandike jina la mradi na namba ya kibali kwenye daftari, ili mkienda ofisi ya uvuvi ya kaunti kudai mtambo wa barafu muweze kuitaja ripoti yenyewe. Mafuta yale yanayorudiwa siku baada ya siku nayo waulizeni walichoyapima, kwa maana mnayo haki ya kujua.

SWALI: Ninasomea sayansi ya chakula na natoka Kizingitini, Lamu. Nataka kutafiti ng'onda wetu, yaani samaki waliotiwa chumvi na kukaushwa. Fedha nitazipata wapi?
Mwanafunzi, Lamu

JIBU: Usitegemee wafadhili wa nje peke yao. Shirika la Marekani, USAID, lililokuwa likigharimia tangu 2019 mpango wa utafiti wa usalama wa chakula ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Purdue na kuihusisha Kenya, liliacha rasmi kuendesha misaada ya nje Julai 2025. Sheria yetu ya mwaka 2013 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuutengea asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho hakijafikiwa, na wabunge wetu wanapaswa kuulizwa sababu. Hata hivyo fuatilia matangazo ya Mfuko huo, na upate msimamizi mwenye uhusiano na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ambayo ina maabara.

Chagua swali dogo linalopimika: kwa mfano, samaki aliyetiwa chumvi mara tu anapofika pwani ana histamini kiasi gani akilinganishwa na aliyetiwa chumvi jioni, na aliyeanikwa kwenye uchanja anatofautianaje na aliyeanikwa mchangani. Katika bajeti, nauli ya boti ya kurudi Kizingitini kuwasomea wavuvi matokeo iandike mapema, pamoja na gharama za maabara, wala usiiache iwe fungu la kukatwa fedha zikipungua.