Maswali ya wasomaji: Nchi iliyoshinda vita, kisha ikakabidhi serikali yake

SWALI: Kijiweni kwetu kuna mtu anadai ipo nchi iliyopigana upande wa washindi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, halafu ikapoteza utawala wake kwa sababu ya vita hiyohiyo. Sisi tumemcheka. Je, ipo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ipo, mwombeni radhi. Ni Newfoundland, kisiwa cha Atlantiki ya Kaskazini. Leo ni sehemu ya Kanada, lakini mwaka 1914 haikuwa hivyo: ilikuwa na waziri mkuu wake na bunge lake, chini ya mfalme wa Uingereza. Watu wake walikuwa kama 240,000, wengi wao wavuvi wa chewa wa maji baridi, samaki wanaopasuliwa na kukaushwa kwa chumvi kama ng'onda.

Jeshi la nchi kavu haikuwa nalo. Kikosi kiliundwa na kamati ya raia, na kwa kuwa kitambaa cha kaki kilikosekana, vijana wa kwanza walizungushiwa miguuni vitambaa vya buluu. Wakaitwa hivyo, Miguu ya Buluu, hata baada ya kupata kaki. Zaidi ya 500 waliondoka St. John's, mji mkuu wao, kwa meli ya Florizel Oktoba 1914. Mpaka vita inakwisha, watu wapatao 6,200 walikuwa wamepita katika kikosi hicho na karibu 1,300 walikuwa wamekufa. Hapo hujahesabu karibu 2,000 waliotumikia jeshi la majini la Uingereza, wala wale 500 hivi waliopelekwa Scotland kukata miti.

SWALI: Nasikia kikosi hicho kilimalizwa kwa nusu saa huko Beaumont-Hamel. Watu 800 wanamalizikaje haraka hivyo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa makosa yaliyofuatana, kila moja likilifungulia mlango jingine. Siku ni 1 Julai 1916, ya kwanza ya mapigano ya Somme, Ufaransa. Saa tunazotaja ni za Kiswahili.

Waingereza walikuwa wamechimba njia ya chini kwa chini hadi kwenye ngome ya Wajerumani iitwayo Hawthorn na kuishindilia baruti, kama tani 18. Waliilipua saa 1:20 asubuhi. Askari wa miguu walipangiwa kutoka saa 1:30. Hizo dakika kumi ndizo zilizoua watu. Mlipuko uliwaamsha Wajerumani wote wa upande ule, na mizinga mizito ya Waingereza nayo ikaacha kupiga mstari wa mbele wakati huohuo. Wajerumani walikuwa salama ndani ya mashimo marefu chini ya ardhi. Wakapanda, wakasimika bombomu zao, wakangoja.

Seng'enge za Wajerumani nazo zilikuwa zimesimama. Makombora mengi yaliyotumika kuzikata yalikuwa ya gololi: linapasuka angani na kumwaga gololi za risasi chini. Fyuzi, kile kifaa cha kulipasua, ikichelewa kidogo, kombora linajifukia udongoni. Ikiwahi, gololi zinatawanyika juu ya waya bila kuukata. Na mengine mengi hayakupasuka kabisa.

Mawimbi ya kwanza yakafyekwa. Lakini makamanda walio nyuma wakaona fataki nyeupe angani, alama waliyokuwa wamekubaliana kwamba wenzao wamefika. Ilikuwa fataki ya Wajerumani. Ndipo kikosi cha Newfoundland, kilichokuwa akiba, kikaamriwa kusonga.

Njia za handaki za kwenda mbele zilikuwa zimejaa maiti na majeruhi. Batalioni ya Essex, iliyotakiwa kwenda nao bega kwa bega, ikakwama humo. Wana-Newfoundland wakaamua kutopita handakini: saa 3:15 walitoka juu kabisa, mita zaidi ya 200 nyuma ya mstari wao wenyewe, wakaanza kuteremka mteremko ulio wazi. Kwa hiyo kabla hata ya kufika walipopaswa kuanzia, walikuwa wanapigwa. Hakuna kikosi kingine kilichokuwa kikitembea upande ule wakati huo, kwa hiyo bombomu zote zilikuwa na kazi moja tu. Seng'enge zao wenyewe zilikuwa na mapengo machache yaliyokatwa ili wapite. Adui aliyajua, akayalenga, na watu wakarundikana hapo.

Kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 27 hivi. Mgongoni alishonewa pembetatu ya bati ili wapiga mizinga wamtambue kwa mbali. Majeruhi aliyejaribu kutambaa kurudi, bati lilimeremeta juani na kumwonyesha.

Asubuhi ya pili walioitika majina walikuwa 68. Kati ya maofisa waliotoka, hakuna aliyerudi bila jeraha.

SWALI: Sasa kufa kwa askari kunahusianaje na kupoteza serikali? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Hapa wengi hukata njia ya mkato. Serikali haikuangushwa na Beaumont-Hamel. Iliangushwa na deni, na deni lilianza kabla ya vita, kwa sababu ya reli ya kukatiza kisiwa ambayo haikuwahi kujilipa. Vita ililizidisha: kikosi kiligharimiwa kwa mikopo, na bunduki ziliponyamaza yakabaki malipo ya walemavu, wajane na yatima, ambayo hayaishi kwa mkataba wa amani. Wakati wa vita bei ya samaki ilikuwa juu, mzigo haukuhisika. Bei ikaporomoka, na mdororo wa 1929 ukamalizia.

Kufikia mwaka 1933 deni lilikuwa karibu dola milioni 100, na riba peke yake ilikula zaidi ya asilimia 60 ya mapato ya serikali. Fukara alipewa posho ya chakula ya senti 6 kwa siku. Aprili 1932 umati ulilivamia jengo la bunge, waziri mkuu Richard Squires akaponea chupuchupu. Tume ya uchunguzi ya Uingereza, chini ya Lord Amulree, ikashauri utawala usimamishwe, na bunge lenyewe likakubali. Tarehe 16 Februari 1934 madaraka yakaenda kwa gavana na makamishna sita, watatu wa hapo na watatu kutoka Uingereza. Kura haikupigwa tena kwa miaka mingi. Mwaka 1948 wananchi waliulizwa mara mbili, kwa kura, wanataka utawala gani. Ya pili, kujiunga na Kanada kulipata asilimia 52.3. Muungano ukaanza 31 Machi 1949, muda mfupi kabla ya usiku wa manane.

SWALI: Je, ni kweli kwao 1 Julai ni matanga? – Msomaji, Muscat

JIBU: Asubuhi, ndiyo. Kanada nzima inasherehekea siku yake ya taifa, lakini Newfoundland bendera hupepea nusu mlingoti hadi adhuhuri na watu huvaa kijiua cha buluu kifuani. Mchana ndipo sherehe huanza. Tarehe hiyohiyo mwaka 2024 walizika St. John's mabaki ya askari wao asiyejulikana jina, aliyeletwa kutoka Ufaransa.