Kabla Hujaiuliza Mashine, Kubalianeni Mteja Ni Nani

Siku ile nilijiamini kupita kiasi. Tulikuwa tumeunganisha hifadhidata ya kampuni na programu ya akili mnemba, ile unayoiandikia swali kama unavyomwandikia mwenzako ujumbe, nayo ikakujibu kwa namba na mchoro juu yake. Mkurugenzi akasema, "Haya, iulize tuna wateja hai wangapi." Nikauliza. Jibu likaja hata hajakaa vizuri kitini. Mkuu wa mauzo akatikisa kichwa, kwake walikuwa wengi zaidi. Mhasibu akafungua faili lake. Namba yake ikawa ndogo kuliko zote.

Kumbe hakuna aliyekosea hesabu. Watu wa mauzo walimhesabu kila aliyefungua akaunti na hajaifunga. Mhasibu alimhesabu aliyelipa ankara ndani ya siku 90. Mashine haikuwa imeelekezwa na mtu, ikajiokotea safu iliyoitwa "hali" na kuwahesabu wenye alama ya "hai", alama ambayo haikuguswa tangu tuhamie mfumo mpya. Na ilijibu kwa ufasaha, bila kusita hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, karibu kila programu ya uchambuzi imejiwekea kisanduku cha kuulizia maswali. Ahadi yenyewe ni ya zamani. SQL, lugha ya kuiandikia hifadhidata maswali, ilipotambulishwa na watafiti wa IBM mwaka 1974, ikiitwa SEQUEL wakati huo, ilikusudiwa pia mtu asiye mtaalamu wa kompyuta aweze kuiuliza hifadhidata. Baadaye zikaja programu za kuchora ripoti kama Tableau na Power BI, dashibodi (kurasa za michoro na namba) zikajaa, na bado vikao vikaendelea kuvunjika kwa ubishi wa namba ya nani ndiyo sahihi. Kuuliza kumezidi kuwa rahisi, lakini kukubaliana maana ya maneno bado ni kazi ya watu, na haina njia ya mkato.

Kwa hiyo ukiniuliza ni mwelekeo gani mpya wa kuwekea pesa, nitakutajia ule usio na mvuto kwenye maonyesho ya wauzaji: tabaka la maana. Ni mahali pamoja panapoandikwa kwamba "mteja hai" ni nani, "mauzo ya mwezi" huhesabiwaje, kisha kila ripoti, kila dashibodi na kila mashine inasoma hapo. Wazo si jipya, Looker, programu nyingine ya uchambuzi, ilijengwa juu yake. Ila zamani, ukilipuuza, mchambuzi mzoefu alikuokoa kwa sababu alijua mitego. Mashine haiijui.

Sisi tulianza na maneno 12 tu. Nilidhani yatachukua alasiri moja; yalichukua wiki mbili. Mauzo ni kabla ya kutoa bidhaa zilizorudishwa, au baada? Tarehe ni ya oda au ya malipo? Kila neno tukalipatia mwenye wake, mtu mmoja mwenye jina, maana neno la idara nzima ni neno la yatima.

Jambo la pili, usiikubali namba bila kuiona amri ya SQL iliyoizaa. Kosa nililolikuta mara nyingi ni la kuunganisha majedwali: oda moja iliyolipwa kwa awamu tatu inageuka kuwa mauzo matatu, jumla inapanda, na watu hawahoji kwa sababu namba kubwa inafurahisha. (Ikishuka, simu zinaita kabla ya saa tatu.) Tulitunga maswali 30 ambayo majibu yake tuliyahakiki kwa mkono, na kila kitu kikibadilika tunaiuliza mashine maswali yote upya. Mara ya kwanza ilifeli mengi kiasi kwamba tuliahirisha uzinduzi.

Habari za data ya papo kwa papo sitazirefusha. Niliwahi kujenga dashibodi iliyojisasisha kila dakika, na ikatazamwa Jumatatu asubuhi tu. Uliza kwanza nani atachukua hatua ndani ya dakika hiyo. Kama hayupo, ripoti ya usiku inatosha, tena ni nafuu.

Na majina na namba za simu za wateja yasiingie kwenye kisanduku cha maswali kabla hujajua yanahifadhiwa wapi. Chini ya GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018, faini inaweza kufika asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya kampuni duniani kote.

Miezi kadhaa baadaye mkurugenzi aliuliza swali lake lilelile, safari hii kwa mkono wake. Mashine haikumpa namba. Ilimuuliza: hai kwa malipo, au hai kwa matumizi? Akanitazama, akamtazama mhasibu, kisha akaandika "malipo".