Waridi jeupe lisilo na kazi nyingi

Dada, umeuliza kama mwaridi mweupe wa kichaka utakubali uani kwako Kisauni bila kuushughulikia kila siku. Utakubali, ila kwa joto letu usitarajie maua makubwa kama ya Naivasha.

Tafuta mwaridi uitwao Iceberg, uliotolewa na Kordes, wazalishaji wa waridi wa Ujerumani, mwaka 1958. Hutoa maua kwa vishada, unachanua tena na tena, na miba yake ni michache. Udhaifu wake ni madoa meusi ya majani, nasi pwani unyevu haututoki. Kwa hiyo usiubane ukutani: uache upitishe upepo, upate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Mwagia shinani asubuhi, majani yasilale na maji. Yaliyoanguka na madoa yaokote utupe mbali.

Tatizo kubwa ni udongo. Chini yetu ni matumbawe, chokaa tupu. Majani yanageuka manjano huku mishipa imebaki kijani, maana mzizi haupati madini ya chuma. Chimba shimo pana, ujaze mboji na samadi iliyooza vizuri, au panda kwenye pipa lililotobolewa chini. Maji ya kisima yenye chumvi usiyaguse. Kinga maji ya mvua uyatumie.

Kupogoa ni kidogo tu: kata vishada vilivyonyauka na matawi makavu. Panda masika yakianza.

Ukitaka kisichokusumbua kabisa, mimi ningepanda asumini, lakini hilo hukuuliza.