Makumbusho ya umma yakikataa kuonyesha hesabu, chama cha wafanyakazi kifanyeje?

Ndugu katibu wa tawi, nimekuelewa: menejimenti ya makumbusho yenu hapa Kenya inadai haina fedha za kuongeza mishahara, ilhali inakataa kuwaonyesha hesabu za viingilio na ruzuku ya serikali. Inauma, kwa kuwa fedha hizo ni za umma.

Anzeni na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo ni ya wazi. Msiishie kwenye jumla, bali someni maelezo yanayofuata taarifa za fedha, kwani huko ndiko hujitokeza madeni, mapato ya langoni na makato ya pensheni yasiyowasilishwa. Kisha mwandikieni mwajiri mkitaja kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kinachomtaka akipe chama alichokitambua taarifa zinazohitajika katika majadiliano. Sambamba na hilo, ombeni nyaraka mahususi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: wana siku 21 za kuamua, na wakikataa, mna siku 30 za kulifikisha suala kwa Ombudsman, yaani tume inayoshughulikia malalamiko dhidi ya taasisi za umma.

Nasisitiza: msimtume karani wa uhasibu awatolee nyaraka kwa siri, maana atakayefukuzwa ni yeye. Wala msitangaze mgomo kabla ya kumwona wakili wa masuala ya kazi.