Homa ya ini B: warudishe sahani kabatini, mkeo akapime

Pole sana, ndugu yangu. Ulienda kuchangia damu ukaambiwa una homa ya ini B, mkeo ana mimba ya miezi saba, na nyumbani wameshakutengea sahani na kikombe.

Sahani zirudi kabatini. Kirusi cha homa hii hakipiti kwenye chakula wala kukumbatiana. Kinapita kwenye damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Vya kutenga ni wembe, mswaki na kikata kucha.

La haraka ni mkeo. Apime wiki hii. Akiwa hana, aanze chanjo, ni salama kwa mjamzito: sindano tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Hadi amalize, tumieni kondomu. Akiwa nayo, daktari anaweza kumwanzishia dawa ya kupunguza virusi, na mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Kusubiri chanjo ya wiki ya sita ni kuchelewa. Ulizeni mapema kama hospitali yenu inayo hiyo ya kuzaliwa.

Wewe muone daktari upimwe utendaji wa ini na wingi wa virusi, kisha urudie kipimo cha homa ya ini B baada ya miezi 6. Si kila mtu huanzishwa dawa, ila wote hufuatiliwa. Pombe acha kabisa, na mitishamba ya "kusafisha ini" usiiguse, mingine huliumiza. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikikutana na kirusi hiki, hatari ya saratani ya ini hupanda sana.

Macho yakiwa manjano, tumbo likijaa maji au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.