Shangazi, nimemfokea mwanangu kwa maneno ya baba yangu

Barua ni ndefu, naifupisha. Ni mama wa mtoto wa miaka 5. Anasema baba yake alikuwa mkali mno, jioni wakisikia tu funguo mlangoni nyumba nzima kimya, na yeye alikuwa anajua usiku utakuwaje kwa kusikiliza baba anavyovua viatu. Alipigwa sana, akaitwa "mzigo usio na faida". Mama yao alikuwa anaona, hasemi kitu. Leo anasema yote anayakumbuka, anayasimulia hata huku anacheka, "kwa hiyo nilishapona". Ila juzi mtoto kavunja glasi, na yeye akajikuta ametamka yaleyale, "mzigo usio na faida wewe". Mtoto akaenda kujikunyata nyuma ya mlango, alipotoka akasema "mama samahani, usiniache". Sasa anauliza, je nimeshakuwa baba yangu? Na je, labda mimi ndo nilikuwa mtoto mbaya tangu mwanzo?

Pole sana mwanangu. Naanza na hilo swali la pili maana naona ndo linakutafuna zaidi, umelitupia mwishoni kabisa mwa barua kama vile halina uzito.

Hukuwa mtoto mbaya. Ila kwamba uliamini hivyo wala haishangazi, na walishakuwepo watu waliolieleza hili zamani. Mwaka 1932 daktari mmoja wa Hungary, Sándor Ferenczi, alisimama kwenye mkutano wa wanasaikoanalisisi, yaani wanaotibu akili kwa kumsikiliza mgonjwa akisimulia maisha yake, kule Wiesbaden, Ujerumani, akazungumzia watoto walioumizwa na watu wazima wanaowategemea. Freud mwenyewe, mwanzilishi wa tiba hiyo, mwaka 1896 alikuwa ameshasema kwamba chanzo cha maradhi ya wagonjwa wake ni kudhalilishwa kingono utotoni, alafu mwaka uliofuata akaanza kuitilia shaka nadharia yake na baadaye akaegemea zaidi kwenye njozi za mtoto mwenyewe. Ferenczi akairudisha hoja mezani, na wenzake wengi hawakufurahi. Alichosema ni kwamba mtoto akizidiwa na hofu hapigani wala hakimbii, atakimbilia wapi, anasalimu amri, anamwingiza yule mkubwa ndani yake na anabeba hadi ile hatia ambayo mkubwa ndo alipaswa kuisikia. Yaani baba anapiga, aibu unaona wewe.

Na Mskoti mmoja wa fani hiyohiyo, Fairbairn, mwaka 1943 akalisema kwa namna ambayo mimi huwa inaniuma kila nikiikumbuka, kwamba ni afadhali kuwa mwenye dhambi katika dunia inayotawaliwa na Mungu kuliko kuishi katika dunia inayotawaliwa na shetani. Hebu fikiria ukiwa na miaka 5. Ukikubali kwamba baba ni hatari basi huna pa kukimbilia, lakini ukisema mimi ndo mbaya, angalau kuna matumaini, nikiwa mzuri atanipenda. Hivyo ndivyo ulivyoweza kuishi mle ndani. Sasa umekuwa mtu mzima na ile hukumu bado unaitumikia.

Turudi kwenye la kwanza. Freud aliandika mwaka 1914 kwamba kile mtu asichokikumbuka anakirudia kwa vitendo bila kujua kwamba anarudia. Najua utaniambia lakini shangazi mimi nakumbuka kila kitu! Ndiyo, unakumbuka matukio. Mwaka 1975 kule Marekani Selma Fraiberg na wenzake waliandika kuhusu wazazi walioumizwa utotoni, pamoja na watoto wao wachanga, wakaona kwamba wapo wazazi wanaoweza kusimulia kipigo chote kwa undani, ila hofu yenyewe, aibu yenyewe, ule uchungu wa mtoto, haupo. Na waliokuwa wanaukumbuka ule uchungu ndo hawakuwa wanaurudishia kwa watoto wao. Hicho kicheko chako mwanangu mimi hakinipi raha hata kidogo. Kuna mtoto pale hajaliliwa bado.

Kwa hiyo hapana, hujawa baba yako, na si kila aliyepigwa huja kupiga. Ila maneno yake yapo mdomoni mwako na yatatoka tena siku umechoka, usijidanganye. Wanaokwambia samehe usahau sikubaliani nao kabisa, maana kusahau umeshasahau, tena ile sehemu yenyewe iliyokuwa na maana. Tafuta mwanasaikolojia au mshauri aliyesomea mambo ya trauma, yaani majeraha ya moyoni, na ukisimulia usikimbie, ukiona kicheko kinakuja simama hapohapo ujiulize yule binti aliyekuwa anasikiliza viatu alikuwa anajisikiaje mwilini, tumbo, mikono, koo. Itachukua muda na kuna siku utatoka pale umechoka kuliko ulivyoingia. Ukianza kuona unakaribia kumpiga mtoto au kujidhuru, hapo usingoje miadi, omba msaada siku hiyohiyo.

Lakini kuna kitu hakisubiri mtaalamu. Ferenczi alionya kwamba mtoto huumia mara ya pili pale watu wazima wanapojifanya hakuna kilichotokea, na wewe hilo unalijua vizuri kutoka kwa mama yako. Basi leo kabla hajalala kaa chini naye, usawa wake, mwambie "siku ile glasi ilipovunjika mama alikosea, yale maneno si ya kweli, na siwezi kukuacha kwa sababu ya glasi wala kwa sababu nyingine yoyote". Usiongeze "lakini na wewe uwe makini". Akikasirika mwache akasirike, akinyamaza usimlazimishe aseme amekusamehe. Baba yako na mama yako tutawazungumza barua nyingine, niandikie ukishaongea na mtoto.