Kupanda Kahuzi na wajukuu: usikubali kufuata nyuma

Umeandika: "Nina miaka 64. Kijana wangu anarudi likizo kutoka Ubelgiji na watoto wake wawili, na njia ikitulia tunataka kupanda mlima Kahuzi, karibu na Bukavu. Wao watatangulia, mimi nitafuata polepole. Nivae viatu gani, nibebe chakula gani, mwezi gani ni mzuri, na bei ikoje?"

Ndugu yangu, hapo kwenye "nitafuata polepole" moyo umenipasuka. Ndiyo maneno niliyoyasema mimi mwaka 2015, nikiwa na miaka 61, tumesimama pale Tshivanga, makao makuu ya parke (hifadhi), asubuhi na mapema. Usifanye hivyo. Nakuomba.

Anayefuata nyuma hapumziki, na hilo hakuna aliyeniambia. Vijana wanakwenda mbio, wanafika mahali wanakaa, wanakunywa maji, wanakungoja. Wewe unafika unatweta, na palepale wanainuka: "Tuendelee, Papa?" Wao wamepumzika robo saa, wewe hata dakika moja hujapata. Na kwa kuwa wewe ni baba, husemi umechoka. Nilikwenda hivyo masaa manne na nusu, ndani ya mianzi, kwenye tope na mizizi, mpaka kilele, mita 3,308. Sisi wa Bukavu tumezoea kulala kwenye mita 1,500 hivi. Kule juu hewa ni nyepesi, na nguvu zangu zote nilikuwa nimeshazimaliza. Hata fimbo nilikuwa nimempa mjukuu, maana aliipenda.

Kilele ni kizuri, siwezi kudanganya. Mawingu yalifunguka kidogo tukaliona ziwa Kivu. Nikapiga picha na mwanangu, nikadhani tumemaliza.

Kumbe bado. Kupanda kunakula pumzi, lakini kushuka kunakula mapaja: misuli ya mbele ndiyo breki ya mwili mzima, na yangu ilianza kutetemeka hata kabla hatujaifikia mianzi. Mvua ikashuka. Goti la kulia likakataa kunibeba. Nilianguka mara mbili, nikainuka; mara ya tatu sikuweza. Mwanangu alinibeba mgongoni, akipokezana na mlinzi wa parke, tukatoka msituni giza limeshaingia. Mjukuu alikuwa na miaka minane. Alitembea nyuma yetu akilia kimyakimya, ameishika ile fimbo kwa mikono miwili. Goti lilipona baada ya miezi. Uso wa yule mtoto ninauona mpaka leo.

Na yule bwana wa mjini aliyetupangia safari! Nilimuuliza mara mbili, mke wangu akisikia: mtu wa umri wangu ataweza? Akajibu, "Mzee, ni matembezi tu, masaa mawili mko juu." Baadaye nikajua kwamba yeye mwenyewe hajawahi kufika hata kwenye mianzi. Alitaka hesabu ya watu itimie. Nikimkuta barabarani Ibanda, hapa Bukavu, damu inachemka.

Kwa hiyo hata ukisahau yote, shika hili: mkubwa anatangulia. Mbele mlinzi, halafu wewe, halafu wajukuu, na kijana wako mwisho kabisa. Hakuna wa kukupita. Ukisimama wote wanasimama, na hakuna anayeondoka mpaka wewe useme. Mkubaliane pia saa ya kugeuka. Sisi sasa tunageuka saa sita mchana, popote tulipo, hata kilele kikiwa kinaonekana. Hayo myaseme nyumbani, mezani, kabla ya safari, maana njiani kijana atakuonea huruma na wewe utaona haya.

Nilirudi kutembea na mjukuu yuleyule, upande wa Lwiro, mimi mbele. Tulikwenda taratibu mpaka akaona kinyonga kwenye tawi la mti wa kwinini, akatuita wote. Tulikaa pale karibu nusu saa, na hakuna aliyeuliza tunaendelea saa ngapi.

Viatu viwe vyenye meno, uvivae wiki mbili kabla. Mwezi, chagua kati ya Juni na Agosti, maana Septemba mvua zetu zinarudi. Fimbo yako usimpe mtu. Mjukuu mkatie yake. Na kijana wako akikataa kukaa nyuma, niandikie, nitaongea naye mimi.